Amo wa Axim: tumemkumbuka mtu, hoja tumeiacha

Mwalimu wa sekondari aliyeko Morogoro ameniandikia hivi: "Shikamoo Mwalimu. Nafundisha historia kidato cha tano na cha sita. Tulipofika kwenye biashara ya utumwa niliwatajia wanafunzi Anton Wilhelm Amo, Mwafrika aliyefundisha falsafa Ujerumani miaka ya 1730. Mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono: alisema nini? Nikakosa jibu. Mwenzangu wa idara anasema Amo anasifiwa kwa rangi yake tu, falsafa hana. Kweli kuna cha kusoma, au ni jina la kujivunia basi?"

Marahaba, Mwalimu. Huyo mwanafunzi wako mpongeze. Swali lake la maneno mawili ndilo ambalo wengi walioandika juu ya Amo wamelizunguka. Wameeleza alikotoka, aliyemlea, jinsi alivyorudi kwao. Alichosema kimebaki kwenye vijitabu vya Kilatini ambavyo hata wanaomsifu hawajavifungua.

Nianze na mwenzako, kwa sababu ameshika nusu ya ukweli. Pale Halle, mji aliosomea Amo, kuna sanamu iliyowekwa mwaka 1965, enzi za Ujerumani Mashariki, kazi ya mchongaji Gerhard Geyer. Ukiuliza sanamu ya Amo utaonyeshwa hiyo. Ukiisogelea unakuta mwanamume na mwanamke wa Kiafrika wasio na majina, kumbukumbu ya Afrika iliyokuwa inajikomboa miaka ile. Amo yumo kwenye maandishi ya kibao tu. Na sura yake haimo popote, maana hakuna picha yake iliyosalia. Zile nyuso zinazosambazwa mtandaoni zikiwa na jina lake chini si zake. Berlin nako, mtaa wa katikati ya jiji ulioitwa Mohrenstraße, jina lililobeba neno la zamani la kuwaitia watu weusi, sasa unaitwa kwa jina lake. Wilaya ya Mitte iliamua hivyo mwaka 2020, zikafuata kesi mahakamani, na jina likabadilika rasmi Agosti 2025. Nilifurahi sana siku ile. Lakini mtu anaweza kushuka kwenye kituo cha treni chenye jina la Amo kila asubuhi kwa miaka 20 asijue hata sentensi moja aliyoandika. Kwangu mimi huko nako ni kumsahau.

Maisha yake nitayapitia haraka, maana hayo unayapata kwingine. Alizaliwa karibu mwaka 1703 katika nchi ya Wanzema, upande wa Axim, Ghana ya leo, jirani na ngome ya Waholanzi. Angali mtoto mdogo akapelekwa Amsterdam kwa meli ya kampuni ya Kiholanzi ya biashara, kisha akafikishwa kwa mtawala wa Braunschweig-Wolfenbüttel, Anton Ulrich. Iwapo alikamatwa, alinunuliwa au alitolewa na wazazi akasomeshwe dini, wanahistoria wanabishana hadi leo. Akabatizwa, akapewa majina ya mabwana wake. Kumbukumbu za huko zinamwita Mohre, yaani mweusi. Mwaka 1727 aliingia Chuo Kikuu cha Halle, mwaka 1730 akahamia Wittenberg na kupata shahada ya uzamili ya falsafa Oktoba ya mwaka huohuo. Alifundisha Wittenberg, Halle tena, kisha Jena. Wengi humwita profesa. Hakuwa profesa, alikuwa mhadhiri mwenye ruhusa ya kufundisha, aliyeishi kwa ada za wanafunzi, na hilo lina uzito kwenye habari ya kusahauliwa kwake kama utakavyoona.

Sasa tuje kwenye maneno yenyewe, na hapa nitakaa.

Aprili 1734, Wittenberg, alitoa tasnifu ya Kilatini iitwayo De humanae mentis apatheia. Mimi naitafsiri "Kutoathirika kwa nafsi ya mwanadamu". Neno mens linanisumbua kila mara. Ukisema "akili" unapata uwezo wa kufikiri tu, na Amo anazungumzia kitu kilichopo chenyewe. Ukisema "roho" unalipora neno lingine analolihitaji, spiritus. Basi nachukua "nafsi", nikijua kwamba Waswahili tunasema nafsi inasuta na nafsi inatamani, mambo ambayo Amo asingeyakubali yote.

Dai lake ni hili: nafsi haihisi. Maumivu, joto, utamu wa sukari, makali ya pilipili, vyote ni vya mwili. Nafsi haivionji wala haina uwezo wa kuvionja.

Mara ya kwanza wanafunzi wangu hucheka. Kwa hiyo siku hiyo huingia darasani na kikombe cha chai ya rangi iliyotoka jikoni sasa hivi, nikampa mmoja akishike bila mkono wa kikombe. Atavumilia kidogo, ataguna, atakiweka chini. Nauliza: nani ameungua? "Mimi." Wewe yupi? Kidole kimepokea joto, hilo hakuna anayelibisha. Aliyeamua kukiweka chini ni nani? Hapo darasa linagawanyika, nami nawapa hoja ya Amo hatua kwa hatua.

Roho, anasema, ni kitu kisicho na mata ambacho kazi yake ni kutenda tu. Inaelewa kwa yenyewe, inatenda kwa hiari, kwa kusudi, ikilijua lengo inaloliendea. Kuhisi ni kinyume cha hayo: kuhisi ni kutendewa. Joto la kikombe hukulichagua, lilikujia. Sasa, ili kitu kikutendee, lazima kikupe sehemu yake au sifa yake, au kikupenye, au kikuguse. Angalia njia hizo tatu: kila moja inahitaji mwili. Kisicho na sehemu hakipokei sehemu, kisicho na upana hakipenyeki, kisicho na uso hakigusiki. Kwa hiyo roho haitendewi. Na nafsi ya mwanadamu, kwa kuwa ni roho, haihisi.

Basi kuhisi ni kwa nani? Ni kwa mwili ulio hai, wenye viungo, ambao damu inazunguka ndani yake. Kwa Amo kuishi na kuhisi haviachani: kinachoishi kinahisi, kinachohisi kinaishi. Kisha anaandika jambo ambalo kila nikilisoma hunisimamisha. Kila kilicho hai kipo, anasema, lakini si kila kilichopo kiko hai. Roho ipo na jiwe lipo, wala hakuna kati yao kinachoishi. Mtu aliyelelewa kwenye kasri la Wakristo, akizungumza katika mji wa Luther, anaiweka roho na jiwe kwenye mstari mmoja! Haidharau roho. Anadai kwamba uhai ni jambo la mwili, la damu na mishipa, na kwamba tunapoipa roho uhai na maumivu tunaishusha bila kujua.

Aliyelengwa ni Descartes, mwanafalsafa Mfaransa wa karne ya 17, na kwa jina. Mwaka 1643 Binti Mfalme Elisabeth wa Bohemia alimwandikia Descartes akimtaka aeleze namna nafsi isiyo na mwili inavyoweza kuusukuma mwili. Katika majibu yake Descartes alisema tunaijua nafsi kwa mambo mawili: kwamba inafikiri, na kwamba, kwa kuungana na mwili, inaweza kutenda na kutendewa pamoja nao. Amo anayanukuu maneno hayo, kisha anasimama: kutenda pamoja na mwili, nakubali, kutendewa pamoja nao, nakataa. Ubora wa hoja uko hapo. Hamletei Descartes kanuni ngeni kutoka nje. Anamkamata kwa ulimi wake mwenyewe: ikiwa nafsi haina chochote cha kimwili, kama ulivyofundisha, basi huwezi tena kuipa maumivu.

Kuna ugomvi mwingine nyuma yake, na bila kuujua tasnifu hii inaonekana kama fumbo la chumbani. Halle ya wakati ule madaktari wawili wakubwa, Georg Ernst Stahl na Friedrich Hoffmann, walikuwa wamewagawa wasomi wa tiba. Stahl alifundisha kwamba nafsi ndiyo inayouendesha mwili mpaka kwenye ugonjwa: homa, kwa mfano, ni nafsi inapigania mwili wake. Hoffmann aliutazama mwili kama mtambo unaojiendesha kwa sheria zake. Wasomi Stephen Menn na Justin E. H. Smith, waliochapisha maandishi ya Kilatini pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 2020, wameonyesha kwamba Amo anaeleweka vizuri zaidi akiwekwa kwenye ugomvi huu, upande wa waliompinga Stahl. Kwa hiyo swali la nani anayehisi lilikuwa na kitanda cha mgonjwa mbele yake. Ikiwa mwili ndio unaoumwa, mtibu mwili.

Je, hoja inasimama? Mimi naona inasimama nusu, na nusu hiyo inatosha kumpa nafasi kwenye mtaala wowote wa falsafa ya karne ya 17 na 18. Anafunga njia moja, ya mwili kuifikia nafsi, kwa usafi ambao Descartes hakuupata. Lakini njia ya pili anaiacha wazi: anakubali kwamba nafsi inautumia mwili kama chombo chake. Elisabeth angemuuliza palepale: kama mguso unahitaji miili miwili, nafsi inakishikaje hicho chombo? Kuna tatizo jingine. Amo anasema nafsi ya mwanadamu, kwa kuwa imefungamana na mwili, hufanya kazi kwa njia ya mawazo, na wazo ni tendo la nafsi la kujionyesha yenyewe kile ambacho hisi zimekwisha kukipata. Vizuri. Lakini kutoka kwenye kidole kilichoungua hadi kwenye wazo la kuungua kuna hatua, na hatua hiyo haelezi. Nafsi ilijuaje kwamba kuna cha kujionyesha? Haya si makosa ya kumfukuzia mtu darasani. Ni makosa ya daraja moja na ya Descartes, na wanafunzi wako wakiyagundua wenyewe watakuwa wameshafanya falsafa.

Hapa Kiswahili kinasaidia. Tunasema nasikia njaa, nasikia baridi, nasikia maumivu. Hisi nyingi tumezitwisha kitenzi cha sikio. Uchungu wa maneno tunaupeleka moyoni na kwenye maini, ndiyo maana mtu mkali tunasema anakata maini. Lugha yetu hugawa hisi kwa viungo vya mwili bila kusita, na Amo angeitikia kwa kichwa. Lakini tunasema pia "akili imechoka", na hapo angetukatalia. Waulize wanafunzi kama akili kweli huchoka au ni kichwa. Kwasi Wiredu, mwanafalsafa wa Ghana, aliwahi kupendekeza kwamba huenda mtazamo wa Amo una mwangwi wa fikra za Waakan, jamii kubwa ya Ghana ambayo Wanzema wamo ndani yake, ambao hawaipi akili kazi ya kuhisi. Pendekezo zuri, ila mimi nalishika kwa tahadhari, maana Amo aliondolewa kwao akiwa mtoto mdogo mno. Paulin Hountondji wa Benin alilitazama upande mwingine mwaka 1970: kwamba Amo aliandika ndani ya mjadala wa Ulaya, kwa wasomaji wa Ulaya, na hakuwa na hadhira ya kwao ya kumjibu. Wala hakumlaumu kwa hilo. Aliona ndilo jeraha lenyewe. Mimi nasimama na Hountondji.

Kuna tasnifu ya kwanza, ya Halle, Novemba 1729, ambayo pengine ndiyo uliyoisikia: De iure Maurorum in Europa, juu ya haki za watu weusi barani Ulaya, aliyoitetea chini ya mwanasheria Johann Peter von Ludewig. Hii ndiyo inayotajwa kuliko zote, na ndiyo nakuomba uitaje kwa uangalifu kuliko zote, kwa sababu maandishi yake hayakusalia. Tulicho nacho ni habari fupi kwenye gazeti la mji la tarehe 28 Novemba 1729. Inaeleza kwamba Amo alionyesha kutoka vitabu vya sheria kwamba wafalme wa Kiafrika waliwahi kuwa chini ya kaisari wa Roma kwa hati rasmi, akitajwa Justinian, kisha akachunguza uhuru au utumwa wa watu weusi walionunuliwa na Wakristo Ulaya unafika wapi kisheria. Swali lenyewe, likiulizwa hadharani na mtu aliyefika kama zawadi kwenye kasri, linatosha kumheshimu. Lakini ukisoma mahali kwamba "Amo alithibitisha hivi na hivi juu ya utumwa", ujue mwandishi amejazia. Ni ajabu ya namna yake: kitabu kilichopotea kinanukuliwa mno, na kilichopo hakisomwi.

Kilichopo, mbali na ile ya nafsi, ni tasnifu nyingine ya Mei 1734 juu ya mambo ya nafsi na mambo ya mwili, aliyoitetea mwanafunzi Johann Theodosius Meiner chini ya usimamizi wa Amo, na kitabu kikubwa cha mwaka 1738, Tractatus de arte sobrie et accurate philosophandi, kuhusu namna ya kufanya falsafa kwa utulivu na usahihi. Hicho cha mwisho ni kigumu na sehemu nyingine ni kavu, sikufichi.

Kwa nini alisahauliwa? Watu hukimbilia jibu moja, ubaguzi, na ubaguzi upo, nitaufikia. Lakini kulikuwa na njaa pia. Walezi wake walikufa mmoja baada ya mwingine: Anton Ulrich mwaka 1714, mwanawe August Wilhelm mwaka 1731, Ludwig Rudolf mwaka 1735. Ludewig akafa mwaka 1743. Mhadhiri asiye na kiti cha uprofesa wala mlezi hana atakayechapisha kazi zake tena. Tasnifu za Kilatini wakati ule zilitoka kwa maelfu na nyingi zilikufa na waandishi wao. Kisha mwaka 1747 Johann Ernst Philippi akachapisha mashairi ya kumkejeli hadharani kwamba amempenda mwanamke wa Kizungu akakataliwa. Karibu na wakati huo akapanda meli kurudi kwao. Ulaya ikabaki bila mwanafunzi wala mrithi wa kulitaja jina lake.

Na ubaguzi? Mwaka 1764 Immanuel Kant, mwanafalsafa Mjerumani, akiwa Königsberg, aliandika kwamba Hume, mwanafalsafa wa Uskoti, amemtaka kila mtu ataje mfano mmoja wa mtu mweusi aliyeonyesha kipaji, na kwamba haukupatikana. Katika kitabu hichohicho akasema juu ya mtu mmoja mweusi kwamba weusi wake toka kichwani hadi miguuni ulikuwa ushahidi kuwa alilosema ni upuuzi. Sasa weka hili kando yake: kitabu cha metafizikia ambacho Kant alikifundishia kwa miaka mingi ni cha Alexander Baumgarten. Kilitoka mwaka 1739, Halle. Baumgarten alikuwa akifundisha Halle miaka ileile Amo alipokuwa akifundisha hukohuko. Mfano uliotakiwa ulikuwa umesimama kwenye mimbari ya jirani. Hili, Mwalimu, nalisoma kwa hasira hadi leo, na sioni sababu ya kuificha mbele ya wanafunzi.

Alipofika kwao, baba yake na dada yake walikuwa hai. Ndugu yake alikuwa mtumwa Suriname. Daktari wa meli David Henri Gallandat alimkuta Axim mwaka 1753, akiishi peke yake, watu wakimwona kama mtabiri, naye bado akizijua Kiebrania, Kigiriki, Kilatini, Kifaransa, Kiholanzi na Kijerumani. Baadaye alihamia ngome ya Waholanzi huko Shama, na huko amezikwa.

Ukitaka kuanza, usianze na maisha. Chukua kurasa za mwanzo za tasnifu ya nafsi, pale anapoeleza roho ni nini na kuhisi ni nini, uzitafsiri wewe mwenyewe kutoka Kiingereza cha Menn na Smith; hazizidi kipindi kimoja. Tazama pia anavyojiandika kwenye ukurasa wa jina. Mohre halipo. Ni Amo, na kando yake Guinea-Afer, Mwafrika wa Guinea. Kikombe cha chai usikisahau. Na yule aliyenyoosha mkono mpe jibu lake kabla ya wengine: alisema kwamba kinachoumia ndani yako si nafsi yako. Halafu mwache akatae, umsikilize anakataa kwa sababu gani.